Pilau ya Idd kwa watu 40: nyama ilale, mchele usilale

"Mwaka huu zamu ya kukusanya familia siku ya Idd el-Fitr imeniangukia mimi, hapa Tanga. Nimehesabu watu 40, kati yao watoto 12. Mwaka juzi nilipika pilau ya kilo 5 kwenye sufuria moja: chini ikaungua, katikati rojorojo, juu mchele una kiini. Maji niliweka vikombe viwili kwa kila kikombe cha mchele, kama ninavyopika siku zote. Nina jiko la gesi la mezani lenye plati mbili, majiko mawili makubwa ya mkaa na friji moja. Mama mkwe anasema nipike usiku wa kuamkia Idd, eti pilau ikilala inakolea. Mimi naogopa, maana kuna mwaka tulikula pilau iliyolala na watu watatu wakaharisha. Je, nyama kilo ngapi, mchele kilo ngapi, na nianze saa ngapi?"

Dada yangu, pole kwa pilau ya mwaka juzi, na hongera kwa kuipokea zamu. Hofu yako ya pilau ya usiku ina msingi, nitaifikia. Kwanza tuzungumze maji, kwa sababu pilau yako iliharibikia kwenye kipimo kabla ya kuharibikia kwenye moto.

Vikombe viwili kwa kimoja ni kipimo sahihi cha sufuria ndogo. Ukipika vikombe viwili vya mchele unatia maji vinne. Mchele wenyewe unakunywa maji yasiyofika vikombe vitatu, na yanayobaki yanaondoka na mvuke. Mvuke nao haujali una mchele kiasi gani. Unafuata upana wa mdomo wa sufuria, jinsi mfuniko ulivyokaa, na muda uliochemsha. Kilo 5 za mchele ni kama vikombe 25 vya robo lita, kwa hiyo wewe ulitia maji vikombe 50. Mchele ulihitaji kati ya 30 na 36, na mvuke labda ulichukua vitano au sita. Vikombe karibu kumi, yaani zaidi ya lita mbili, vilibaki ndani ya sufuria havina pa kwenda.

Hapo bila shaka uliona maji hayakauki, ukaongeza moto. Mchele ukiwa bado unaogelea, maji yanayochemka hupanda na kushuka, na moto unafika kila pembe. Maji yakishuka chini ya uso wa mchele, mzunguko huo unakoma. Kuanzia hapo joto la juu linaletwa na mvuke peke yake, unaopenya katikati ya punje. Punje za katikati zikishalainika kupita kiasi na kugandamana, njia za mvuke zinaziba. Juu hakufiki kitu, mchele unabaki na kiini. Chini nako moto unaendelea kuchoma bila maji ya kuupoza, ukoko unageuka mkaa. Kwa hiyo usihesabu makosa matatu. Ni kosa moja la maji, likasaidiwa na sufuria yenye kina kirefu.

Ndiyo maana nakushauri usirudie sufuria moja. Gawa pilau kwenye sufuria mbili za kilo 3 kila moja, pana kuliko ndefu, za ujazo wa lita 18 hadi 20. Mchele mkavu na nyama, kabla ya kutia supu, visizidi nusu ya kina. Faida nyingine ni kwamba ukikosea moja, ya pili inaokoa shughuli.

Kilo 6 nimezipataje? Mtu mzima anakula gramu 150 za mchele mkavu kwenye mlo wa sikukuu, mtoto gramu 80 hivi. Wakubwa 28 ni kilo 4 na robo, watoto ni kilo moja. Zinazobaki ni za sahani za majirani, ambazo siku ya Idd hazikwepeki, na za wale wanaorudia. Nyama nunua kilo 5, ya ng'ombe, mchanganyiko wa steki na yenye mfupa, mwambie muuzaji akate vipande vya ukubwa wa kiberiti. Mfupa unatoa supu, na supu ndiyo ladha ya pilau. Vitunguu maji kilo moja na nusu kwa pilau peke yake, vitunguu thomu vichwa 8, tangawizi robo kilo, mafuta lita moja, mbatata kilo 2 ukipenda. Viungo, kwa kila sufuria ya kilo 3: bizari nyembamba vijiko 4 vya chakula, pilipili manga kijiko kimoja cha chakula, iliki punje 20, karafuu 12, mdalasini vijiti vinne vya urefu wa kidole. Ukitaka kuongeza harufu ongeza bizari. Usiongeze karafuu, kwa sababu ikizidi kidogo tu inaleta uchungu ambao hauna dawa.

Mchele nunua wote kwa mara moja, kutoka gunia moja. Mchele mpya, uliovunwa karibuni, unanata na unataka maji machache, ule uliokaa miezi kadhaa unachambuka vizuri na unakunywa zaidi. Ukichanganya aina mbili, moja itaiva nyingine bado. Usisubiri Idd kuujua. Siku moja ya futari pika kilo moja ya mchele huohuo, uone unavyokunywa, uandike pembeni.

Sasa usiku. Mama mkwe ana ukweli mkubwa katika anachosema, ila unahusu nyama. Nyama iliyochemshwa na tangawizi, thomu na chumvi, ikalala ndani ya supu yake, inakolea mpaka ndani, na supu inakuwa nzito. Mchele ni habari tofauti. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake zinakaa kwenye mchele tangu shambani. Kuchemka hakuziui. Wali ukiwa wa moto sana zimetulia, na ukiwa baridi ya friji zimetulia. Kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi zinaamka, zinazaana, na aina nyingine zinaacha sumu ndani ya wali. Sumu ile ya kutapisha haiondoki ukipasha moto, hata ukipasha mpaka pilau itoe moshi. Na haina harufu. Wengi hunusa pilau ya asubuhi, wakaona haijachacha, wakaamini ni salama. Kuchacha ni jambo moja, sumu ni jingine.

Sufuria kubwa ndiyo inayozidisha hatari. Sahani moja ya wali inapoa kwa dakika chache, lakini kilo 3 za pilau zilizofunikwa, katika joto la Tanga, katikati yake hukaa vuguvugu usiku kucha. Hata kuziingiza kwenye friji zikiwa ndani ya sufuria hakusaidii, katikati itachelewa kupoa na friji yenyewe itapata joto. Nyama nayo ina bakteria wake wanaopenda mapishi makubwa yanayopoa polepole. Tofauti ni kwamba nyama na supu unaweza kuzipoza haraka na kuzichemsha tena vizuri asubuhi, na nafasi kwenye friji utaipata.

Kuhusu siku yenyewe: Idd haina tarehe ya uhakika mpaka mwezi uandame, na tangazo la Mufti linaweza kukufikia usiku. Wasiojiandaa hukimbilia buchani saa tano usiku. Wewe nunua nyama asubuhi ya siku ya 29 ya Ramadhani na uichemshe jioni ya siku hiyohiyo, mwezi uonekane usionekane. Ukiandama, uko tayari. Usipoandama, nyama iliyopikwa na kupozwa vizuri inakaa kwenye friji siku mbili tatu bila neno. Na waulize mapema ndugu zako wanafuata mwandamo upi. Katika familia nyingi wapo wanaofuata tangazo la hapa na wapo wanaofuata mwandamo wa Makka, na usingependa nusu ya wageni wafike siku ambayo wewe bado umefunga.

Jioni hiyo ya 29, chemsha nyama na nusu ya thomu na tangawizi, chumvi vijiko vitatu vya chakula, na maji lita 7 mpaka 8. Iive lakini isivunjike, kwa sababu kesho itapikwa tena. Ikiiva, itoe kwenye supu, uigawe nyama na supu kwenye mabeseni mapana, kina kisizidi vidole vitatu. Yakalishe mabeseni ndani ya karai la maji baridi yenye barafu, ukoroge kila baada ya dakika chache. Ndani ya saa mbili viwe vimeingia friji. Soda na maji ya kunywa vitoe kabisa humo, vitakaa kwenye ndoo ya barafu. Friji usiku huo ni ya nyama. Umeme wenu ukiwa wa kukatika mara kwa mara, usibahatishe: acha nyama mbichi kwenye friza, uichemshe baada ya swala ya alfajiri.

Usiku huohuo kaanga vitunguu. Rangi ya pilau inatoka kwenye vitunguu, si kwenye bizari, na hapa wengi huharakisha. Kitunguu kina maji mengi, na hakibadiliki rangi mpaka maji hayo yatoke. Ukimimina kilo moja na nusu kwa pamoja vinajipika kwa mvuke wao, vinakuwa vyeupe na vilaini. Kaanga nusu kilo kwa mara moja, kwa mafuta yanayotosha kuvifunika, mpaka viwe vya rangi ya kahawa, kisha vitandaze kwenye sinia. Mafuta yake ndiyo utakayopikia kesho. Chagua mchele pia, utoe mawe, lakini usiuoshe wala kuuloweka usiku.

Tuseme wageni wanakuja saa saba mchana. Ukitoka kuswali swala ya Idd, kunywa chai na watoto kwanza. Saa nne kamili washa majiko mawili ya mkaa, nje, mahali penye hewa. Usiingize mkaa jikoni wala barazani palipofungwa. Mkaa unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, na inaua. Gesi iache kwa supu na chai. Sufuria yenye kilo 3 za mchele, nyama na supu yake inapita kilo 12. Jiko la mezani halikutengenezewa uzito huo, na lenye uso wa kioo linaweza kupasuka. Zaidi ya hayo moto wa gesi ni duara dogo katikati, pembeni kunabaki baridi, wakati mkaa unapasha kitako chote.

Osha mchele mara tatu au nne mpaka maji yaache kuwa meupe sana, uuache kwenye chujio dakika 15 nzima. Mchele unaochuruzika unaingia na maji usiyoyahesabu. Wakati huo, kwenye gesi, rudisha nyama ndani ya supu, ukiigawa kwenye sufuria mbili ili plati zisilemewe, na uchemshe mpaka itokote dakika kumi kamili, isiwe kupasha tu.

Katika kila sufuria tia mafuta ya vitunguu, kama kikombe kimoja na nusu. Yakipata moto tia mdalasini, iliki na karafuu, halafu thomu na tangawizi zilizobaki, halafu bizari na pilipili manga. Zikinukia, ndani ya dakika moja au mbili, tia nyama na vitunguu ulivyovisagasaga kwa mkono, ukaange dakika tano. Mbatata zinaingia hapa.

Sasa supu, na hapa naomba uhesabu vikombe kwa sauti, mtu mwingine akihesabu pamoja nawe. Kwa kilo 3 za mchele wa Mbeya uliokaa, vikombe 22 vya robo lita. Mchele mpya, 20. Basmati iliyolowekwa nusu saa, 18, kwa sababu imeshakunywa sehemu ya maji yake. Supu isipotosha ongeza maji ya moto, yasiwe ya baridi. Subiri itokote, kisha onja: ladha ya chumvi izidi kidogo ile ya supu ya kunywa, kwa sababu mchele utaimeza. Ukionja ikawa sawasawa, pilau itakuwa chapwa.

Mimina mchele, koroga mara moja kutoka chini, usawazishe, acha wazi moto mkali. Baada ya dakika 10 hadi 12 utaona maji yamezama na uso wa mchele una vishimo vinavyopumua mvuke. Hiyo ndiyo alama, usiende kwa saa peke yake. Geuza mara moja tu, taratibu, kwa mwiko, ukianzia pembeni kuleta katikati. Funika. Toa zaidi ya nusu ya makaa chini, uyapalie juu ya mfuniko. Kama mfuniko wako una kishikio cha plastiki, tumia sinia ya bati. Makaa ya juu ndiyo yatakayoivisha ule mchele uliokushinda mwaka juzi. Usifunue kwa dakika 25. Kisha epua, uache sufuria imefunikwa dakika 20 zaidi ili unyevu usambae. Mchele ukiingia saa tano na robo, unapakua bila kuhaha.

Mambo yakienda kombo, usikoroge. Ukisikia harufu ya kuungua, epua papo hapo, kalisha kitako cha sufuria kwenye karai la maji baridi dakika mbili, halafu hamisha pilau ya juu kwenye chombo kingine bila kugusa ukoko. Harufu ya kuungua inasambazwa na mwiko kuliko na moto. Juu kukiwa na kiini na chini kumekauka, toboa matundu kwa mpini wa mwiko, nyunyizia kikombe kimoja cha supu ya moto, funika kwa karatasi ya foili, urudishe makaa juu dakika kumi. Ikiwa majimaji, itandaze kwenye masinia mapana mvuke utoke. Haitachambuka kama ulivyotaka, lakini italika.

Kachumbari ni nyepesi: vitunguu kilo moja, vikatwe asubuhi, vifikichwe na chumvi na kuoshwa, nyanya kilo 3 zikatwe nusu saa kabla ya kula, kwa sababu chumvi inazikamua maji. Ndimu sita. Juisi hesabu nusu lita kwa mtu, lita 20. Kwa kupakulia, masinia 8 ya watu watano watano yanakupunguzia vyombo, na watoto wale mwanzo.

Umeuliza pilau tu, lakini najua ndugu watakwambia uongeze biriani na kuku wa kukaanga. Nakusihi ukatae. Majiko manne hayabebi zaidi ya hapo, na atakayeumia ni wewe. Ndugu anayetaka kusaidia alete sambusa au matunda. Wageni wakipita 60, hapo hesabu inabadilika: kodi sufuria kubwa na mpishi wa shughuli mwenye mafiga na kuni. Utalipa, na utakula ladha yake badala ya yako, lakini pilau ya kilo 10 ni kazi ya mikono iliyozoea. Hata kwa watu hawa 40, kama mtaani kwenu kuna mama anayepika shughuli, mwombe asimame nawe dakika zile kumi za kumimina supu. Maandishi hayawezi kukuonyesha mchele "unaopumua" unavyoonekana.

Pilau itakayobaki isikae mezani zaidi ya saa mbili. Wagawie majirani ikiwa ya moto, nyingine iingie friji kwenye vyombo vifupi. Akitokea mtu wa kutapika ndani ya saa chache au kuharisha baadaye, mpe maji ya ORS, ile dawa ya paketi ya kurudisha maji na chumvi mwilini, kidogo kidogo kwa kufuata maelekezo ya paketi. Lakini mtoto anayelegea au asiyekojoa, mtu asiyeweza kubakisha hata maji tumboni, choo chenye damu, homa kali, au mjamzito na mzee anayeharisha sana, hao wapelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Na mama mkwe: usimwambie amekosea. Jioni ya 29 mwite jikoni, mpe kijiko aonje supu na akuwekee chumvi yeye. Mwambie nyama italala kama alivyosema. Mchele mtautia pamoja asubuhi, naye ndiye ahesabu vikombe.